Kusahau Si Kupona: Maoni ya Watazamaji wa Filamu ya "Something Necessary"

Hotuba ya mshauri nasaha kwa wakazi wa Kaunti ya Nakuru waliokusanyika katika ukumbi wa jamii kutazama filamu na kutoa maoni yao.

 

Nawashukuru kwa kubaki. Filamu inapokwisha watu huwa mbioni kuwahi matatu, lakini leo mmeketi zaidi ya saa nzima mkitoa maoni, na wengine mmebishana vikali. Nimeandika mliyoyasema. Nimeombwa nifunge kikao kwa maneno machache, nami nitayatoa katika maoni yenu wenyewe.

Kwa faida ya waliochelewa, "Something Necessary" ni filamu ya Kenya ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Judy Kibinge. Ni kisa cha watu wawili. Wa kwanza ni Anne, mama aliyenusurika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Mume wake ameuawa, mwanawe ameumizwa vibaya, na nyumba yao shambani imebaki magofu. Amebakiwa na nia moja tu, ajenge upya. Wa pili ni Joseph, kijana aliyekuwa katika kundi lililoshiriki ghasia hizo. Dhamiri inamsumbua, na miguu inamvuta kwenye shamba la yule mama. Kila mmoja anahitaji kitu kutoka kwa mwenzake, na hakuna anayejua atakipataje.

Kwetu Nakuru kisa hiki si cha mbali. Wengi wenu mnakumbuka Januari 2008, uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho ya kilimo vilipogeuka makao ya familia zilizotoroka na watoto na magodoro tu. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na waliohama makwao walikuwa mamia ya maelfu. Baadhi yao wameketi hapa leo. Baadhi ya waliokuwa upande wa kina Joseph, bila shaka, nao wameketi hapa. Ndiyo sababu mjadala wetu umekuwa mzito.

Maoni yenu niliyagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilihusu kurudi shambani. Wazee kadhaa walisema Anne amekosea. Angeuza shamba, ahamie mjini, aanze upya mahali asipojulikana. Akina mama wengi walikataa. Walisema lile shamba ndilo kitu cha mwisho alichobaki nacho cha mume wake, na kuliacha ni kuwaachia waliomvamia ushindi.

Mimi sitaamua nani ana haki, ila nitawakumbusha jambo. Mwezi Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Familia zilipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na nyingine 25,000 za kujengea nyumba. Wako waliorudi wakapona. Wako waliorudi, nyumba ikasimama, lakini usiku bado walilala na viatu miguuni. Nyumba hujengwa kwa mabati na misumari. Mtu hajengwi hivyo. Kwa hiyo swali la kumuuliza manusura si kwa nini amerudi au kwa nini hajarudi. Muulize anahitaji nini ili alale usingizi, popote alipo.

Fungu la pili lilimhusu Joseph, na hapa ndipo sauti zilipopanda. Vijana wengine walimhurumia. Walisema alitumiwa, hakuwa na kazi, aliwafuata wenzake. Mama mmoja aliinuka akasema huruma hiyo ni rahisi kwa asiyechomewa nyumba. Wengine walilalamika kwamba filamu inashughulika sana na moyo wa Joseph na si na kesi yake. Waliuliza, sheria iko wapi?

Ni swali la haki. Mwezi Februari 2013, manusura wa dhuluma za kingono zilizotendwa wakati wa ghasia hizo walikwenda Mahakama Kuu. Uamuzi ulitoka tarehe 10 Desemba 2020. Mahakama ilisema serikali ilishindwa na wajibu wake katika kesi za baadhi yao, na ikaagiza wanne walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Hesabuni wenyewe: kutoka ghasia hadi uamuzi ni takriban miaka kumi na mitatu. Nayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, mjue kwamba kudai haki si ndoto. Wapo waliodai wakasikizwa. Pili, mtu hawezi kungoja miaka kumi na mitatu ndipo aanze kutibiwa. Haki na matibabu ni njia mbili, na manusura anastahili zote mbili kwa wakati mmoja.

Fungu la tatu la maoni ndilo lililonigusa zaidi. Wachache walisema filamu kama hii haifai kuonyeshwa. Walisema tunafukua makaburi. Mmoja alitukumbusha methali tunayoijua sote: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Naiheshimu methali hiyo. Lakini tuisikilize vizuri. Ndwele ni ugonjwa, na kuganga ni kutibu. Methali inasema tusipoteze dawa kwa jambo ambalo si ugonjwa tena. Je, kama yaliyopita bado ni ndwele? Kama mama akisikia mlio wa tairi likipasuka anajirusha chini mbele ya watoto wake, hilo limepita? Ni ugonjwa wa leo, asubuhi hii, na ugonjwa wa leo hugangwa leo. Wahenga hao hao walituambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Hapo ndipo neno langu la leo lilipo. Kusahau si kupona. Mtu anaweza kunyamaza miaka ishirini na bado awe mgonjwa. Mwingine anaweza kukumbuka kila kitu, akasimulia bila kutetemeka, akawa amepona.

Niseme kidogo kuhusu kiwewe, maana neno hili limetajwa sana leo. Kiwewe ni jeraha linalobaki akilini baada ya tukio la kutisha: ghasia, ubakaji, ajali, wizi wa mabavu, kipigo cha nyumbani. Kuogopa na kukosa usingizi siku za kwanza ni kawaida, na watu wengi hurudi katika hali yao polepole wakizungukwa na watu wao. Lakini dalili zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kuharibu kazi na maisha ya nyumbani, hapo panahitajika msaada wa kitaalamu.

Dalili zenyewe ni hizi. Tukio linarudi lenyewe, kwa ndoto mbaya au mchana kweupe, kana kwamba linatendeka sasa. Mtu anakwepa njia, watu, nguo au hata harufu inayomkumbusha. Anashtuka kwa kitu kidogo, hasira zinawaka haraka, usingizi haupo. Anajilaumu, au anahisi hana hisia yoyote hata kwa wanawe. Wanaume wengi huficha haya yote ndani ya pombe. Watoto huweza kuanza tena kukojoa kitandani, kung'ang'ania mzazi, au kushuka ghafla shuleni.

Si wazimu, si laana, wala si upungufu wa imani. Maombi yana nafasi yake, na viongozi wetu wa dini wamewabeba wengi. Tunachoomba ni kwamba mchungaji au imamu akishamwombea mtu, amwelekeze pia kituo cha afya. Kiwewe hutibika, na kwa wengi tiba kubwa ni mazungumzo na mtaalamu, si dawa za kumeza maisha yote.

Sasa, jirani wa manusura afanye nini? Katika maoni yenu nilisikia maneno ambayo huwa tunayasema kwa nia njema lakini yanaumiza. Tunasema: jikaze. Tunasema: shukuru Mungu uko hai, wenzako walikufa. Tunasema: miaka mingi imepita. Na kubwa kuliko yote, tunasema: msamehe.

Hili la kusamehe nataka nilieleze polepole. Msamaha ni kitu kizuri, na amani ya mitaa yetu inauhitaji. Lakini ni zawadi, na aliyeumizwa ndiye mwenye kuitoa, siku akiwa tayari. Tukimshurutisha barazani, mbele ya chifu na wazee, ili sisi wengine tupate kutulia, tumemuumiza mara ya pili. Tumempa yeye bili ya amani yetu. Watazamaji waliosema Anne ana deni la kumsamehe Joseph, nawaomba wafikirie tena ni nani hasa mwenye deni.

Badala ya hayo, jaribu maneno mepesi. Mwambie: pole mama, niko hapa. Muulize: ungependa kuzungumza, au tukae tu? Akianza kusimulia usimkatize, usiulize alivaa nini wala alikuwa wapi saa hizo, na usiyapeleke kwenye kikundi cha WhatsApp. Msaidie kwa kitu cha mkono: mpelekee maji, mtazamie mtoto, msindikize hospitalini. Ukiona anazungumzia kujitoa uhai, usimwache peke yake na usidhani anatafuta tu kuonekana.

Na kina Joseph? Vijana wangu, nimewasikia. Wako kati yetu waliofanya mambo wakiwa na miaka kumi na minane, na leo wana watoto wa umri huo. Nao hawalali. Milango ya ushauri nasaha iko wazi kwao pia, na siri ya mgonjwa hulindwa. Lakini nisikizwe vizuri: usimwendee uliyemkosea ili akutue mzigo wako. Kumtokea mlangoni bila taarifa kunaweza kumrudisha usiku ule ule. Anza na mshauri, au kiongozi wa dini, au mzee anayeaminika na pande zote, na ukubali kwamba jibu laweza kuwa hapana. Kutubu kwako kusitegemee kusamehewa.

Tena tunajua kwamba kila msimu wa kampeni ukikaribia, majeraha haya huamka. Manusura huanza kupakia virago kabla hata mabango hayajabandikwa. Kijana anayepewa mia mbili na kiroba ili akawatishe majirani ndiye Joseph wa kesho. Yule aliyemlipa hatakuwa naye usiku ndoto zikija. Wazazi na vijana, hilo lizungumzwe nyumbani sasa, si wiki ya uchaguzi.

Mwisho, mahali pa kwenda. Afya ni jukumu lililogatuliwa, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mmoja wetu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Akili ni sehemu ya afya hiyo. Anzeni na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini kwenu, au kituo cha afya kilicho karibu. Muuguzi au afisa wa kliniki atakusikiliza, na ikihitajika atakupa barua ya kwenda hospitali kubwa.

Andikeni nambari hizi. 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, kwa ushauri nasaha. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. 116 ni ya watoto. Zote hupigwa bila malipo.

Aliyebakwa afike hospitalini mara moja, ndani ya saa 72, ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Asioge kwanza, na nguo aziweke katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Matibabu yatangulie, polisi watafuata. Na ikiwa saa hizo zimepita, au miaka imepita, bado aje. Hakuna aliyechelewa kupokelewa.

Kuna wanaoogopa kusema kwamba wamewahi kujaribu kujiua kwa sababu sheria ililihesabu kuwa kosa la jinai. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha sheria kinakiuka Katiba. Aliye katika hali hiyo ni mgonjwa anayehitaji msaada. Asijifiche.

Ndugu zangu, wako walioondoka ukumbini filamu ikiwa katikati. Msiwahukumu kwamba imewachosha. Huenda iliwafika karibu kuliko ilivyotufika sisi tuliobaki. Ikiwa unamjua mmoja wao, usingoje akutafute. Mpitie jioni hii, umjulie hali, na usiwe na haraka ya kuondoka.

Wenzangu wawili wako pale kwenye meza kando ya mlango, na watakaa mpaka mtu wa mwisho atakapohudumiwa. Ukipenda kuzungumza faraghani, kuna chumba nyuma ya jukwaa.