Wauguzi Tunaowapoteza Kidato cha Pili

(Mada iliyotolewa kwenye mkutano wa kamati za maendeleo za parokia)



 Tumeombwa kuzungumzia vijana wetu wa sekondari na masomo ya afya na ustawi wa jamii. Hatutagusa kila kitu. Tutakaa zaidi kwenye jambo moja linalotunyima wauguzi kila mwaka.

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, ofisi yetu hupokea barua. Binti amefaulu, anataka kusomea uuguzi, parokia imemtambulisha, tunaombwa ada ya chuo. Tunasoma matokeo yake. Kiswahili kizuri, Historia nzuri, Baiolojia ipo. Kemia haipo, Fizikia haipo. Si kwamba alifeli, hakuyasoma. Na ili kujiunga na cheti cha uuguzi na ukunga, au cha utabibu, kijana anatakiwa awe amefaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. (Inawauma baadhi yetu kwamba somo la Biblia halihesabiwi, lakini ndivyo ilivyo.) Alama ya D inakubaliwa. Lakini hakuna mfadhili, hata awe na moyo mkubwa namna gani, anayeweza kumnunulia mtu D ya somo ambalo hakulifanyia mtihani.

Wazee wetu hapa wanakumbuka hali nyingine. Miaka ya 1970 binti aliyemaliza darasa la saba aliweza kusomea miezi kumi na minane akawa msaidizi wa afya ya mama na mtoto, akarudi kijijini kupima wajawazito na kuchanja watoto. Waganga wasaidizi wa vijijini nao walitoka darasa la saba. Walifanya kazi kubwa, na baadhi yenu mlizaliwa mikononi mwao. Leo kiwango kimepanda, na sisi tunaona ni sawa, maana anayetoa dawa sharti ajue anachokitoa. Ila kiwango kilipopanda, shule nyingi za kata hazikupandishwa pamoja nacho.

Katika mtaala wa mwaka 2005 Baiolojia ilikuwa ya lazima hadi kidato cha nne, lakini Fizikia na Kemia mwanafunzi aliweza kuziacha alipoingia kidato cha tatu. Ana miaka kumi na tano au kumi na sita, mwalimu wa Fizikia hayupo, rafiki zake wanakwenda sanaa, na nyumbani hakuna anayejua kwamba siku hiyo ndoto ya uuguzi inakufa. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza kuingia kwa awamu, ukianzia kidato cha kwanza, wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Kwa hiyo mzazi anatakiwa kuuliza mapema zaidi kuliko zamani.

Maabara mnazijua, maana wengi wenu mlichangia. Mwaka 2014 na 2015 nchi nzima ilihimizwa kujenga maabara tatu kwa kila sekondari ya kata. Majengo mengi yalisimama. Lakini ukuta haufundishi Kemia. Tumeingia kwenye chumba kilichoandikwa maabara tukakuta madawati, bila gesi, bila maji, na bureti moja ikizungushwa darasa zima. Wafadhili hupenda kuweka jiwe la msingi, na tunawashukuru, lakini asidi na mitungi ya gesi hununuliwa kila muhula wala havina sherehe.

Kuna jambo lingine ambalo halimo kwenye cheti chochote. Wasichana wengi wanaofika kwetu ni wauguzi tayari. Mmoja alituambia anamgeuza bibi yake kitandani asubuhi kabla ya kwenda shule, na jioni anamwosha. Alikuwa na maarifa ambayo mtu hayapati kwenye daftari: namna ya kumlisha mgonjwa bila kumpalia, namna ya kumwosha mzee bila kumvunjia heshima. Hayo hayo yalimfanya achelewe vipindi vya kwanza, na katika ratiba ya darasa lake vipindi hivyo vilikuwa vya Fizikia. Jumuiya ndogondogo zikipanga zamu ya kumhudumia yule bibi, asubuhi mbili tatu kwa wiki, zitakuwa zimemsomesha binti bila kutoa shilingi.

Aliyekwenda sanaa naye tusimtupe. Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973, na ngazi ya cheti huchukua waliofaulu masomo manne bila kudai Fizikia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa afisa ustawi wa jamii kazi nzito juu ya mtoto aliyetelekezwa au anayeteswa. Wazazi wetu wanamjua daktari na mwalimu, huyu hawamjui. Wako pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mpya ulizinduliwa Januari 2024 kwa mafunzo ya miezi sita. Ni kazi njema, ila asiambiwe kijana kwamba ni sawa na uuguzi.

Tunajua mtauliza kama tunapunguza udhamini wa vyuo. Hatuuondoi. Elimu ya sekondari ya serikali hadi kidato cha nne haina ada tangu Januari 2016, lakini vyuo vya afya vina ada, na wanaostahili bado wanatuhitaji. Tunachopendekeza ni kwamba sehemu ya fedha iteremke chini: vifaa vya maabara, na posho ya mwalimu wa muda wa Fizikia pale asipokuwepo.

Upimaji wa kidato cha pili hufanyika mwishoni mwa mwaka. Kila parokia iitishe kikao na wazazi wa kidato cha kwanza na cha pili kabla ya hapo, mkuu wa shule akiwepo, na ituletee orodha ya vifaa vinavyopungua maabara, imesainiwa na mkuu wa shule na mwenyekiti wa kamati, kabla ya mwisho wa Agosti.