Tuliachiwa Uhai



Mwezi wa Rozari, mwaka 1996, vita viliingia Bukavu. Tarehe 29 Oktoba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mtetezi wa wakimbizi, aliuawa mjini. Hakukubali kuliacha kundi lake. Sisi na jamaa yetu tulijificha migombani hapa Nyantende, tukisali rozari kwa kunong'ona, sauti isifike njiani. Mama alimgawia mkimbizi tusiyemjua viazi vyetu vya mwisho.

Tulipona. Lakini tusiseme Mungu alitupenda kuliko Mchungaji wetu. Yeye alitoa uhai; sisi tuliachiwa uhai ili tuwe na cha kutoa. Basi, katika Yubile hii, abishaye mlangoni asiulizwe kwanza kabila lake. Amina.