Mazungumzo ya 9: Kijana na Mzee Wanahitajiana

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tuzungumze kuhusu watu wawili ambao huishi boma moja lakini wanaweza kumaliza siku nzima bila kuongea: kijana na mzee.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Nilimtembelea nyanya mmoja mwenye shinikizo la damu, ile tunayoiita presha. Kila mwezi alikuwa akiletewa dawa kutoka kliniki, lakini nilipompima, presha ilikuwa juu sana. Nikamwomba anionyeshe dawa zake. Akatoa mkebe uliojaa tembe za miezi mitatu, nyingi hazijaguswa. Akaniambia, "Binti yangu, mimi humeza kichwa kikiuma. Kisipouma, naziweka akiba."

Mama wa nyumba hiyo alikuwa akitoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi jioni. Hakujua.

Katika chumba cha pili alikuwa mjukuu, mvulana wa miaka 15, amelala saa tano mchana na simu mkononi. Ilikuwa likizo. Mama yake alikuwa ameniambia kwamba kijana haongei, chakula anakigusa tu, na masomo yameshuka. Akiulizwa, jibu ni moja: "Niko sawa."

Nilimwita kijana nikampa kazi moja. Kila asubuhi baada ya chai, ampe nyanya dawa yake, kisha aweke alama kwenye kalenda iliyo ukutani. Nikawaeleza wote wawili kwamba presha mara nyingi haina dalili, kwa hivyo dawa humezwa kila siku hata mtu akijisikia mzima.

Niliporudi, presha ilikuwa imeshuka. Niliwakuta nje wakipukuchua mahindi. Na kumbe kazi ile ya dakika tano ilikuwa imefungua mlango mwingine. Kijana alikuwa amemwambia nyanya kwamba shuleni wavulana wakubwa walikuwa wakimpiga na kumnyang'anya pesa. Jambo hilo alikuwa amelibeba muhula mzima.

Mama yake aliposikia, aliumia. Akaniuliza, "Mbona amwambie nyanya, na mimi ndiye niliyemzaa?" Mama, huenda na wewe ungeuliza hivyo. Lakini fikiria. Sisi hufika nyumbani tumechoka, na maswali yetu huwa kama ya polisi: umesoma, umechota maji, simu hiyo ya nini? Nyanya hakuuliza. Alikaa naye tu, mikono ikifanya kazi, hadi neno likatoka lenyewe. Kisha nyanya alimshawishi kijana amwambie mama, na mama akaenda shuleni kuzungumza na mwalimu. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake mtoto.

Wazazi wetu walilijua jambo hili. Kule Nyanza, Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee ambamo wasichana walilala, wakasikia hadithi na kufunzwa maisha. Siku hizi nyumba hiyo haipo, lakini haja yake bado ipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kushughulikia upweke, kwa sababu upweke hudhuru mwili na akili, kwa mzee na kwa kijana pia.

Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi na nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Nyanya hao walifunzwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wazima wenye huzuni na mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliopata msaada huo walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nyanya hao hawakuwa madaktari. Walikuwa wamefunzwa, na walijua kusikiliza.

Sasa mama, utaanzaje nyumbani kwako?

Kwanza, wape kazi ya pamoja. Usiwaambie "kaeni muongee", watanyamaza wote. Wachambue mboga, walishe kuku, au kijana amfundishe babu kutumia simu naye babu amfundishe kupandikiza miche.

Pili, watembee pamoja. Mzee ambaye afya inamruhusu anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Kutembea nusu saa, siku tano, kunatosha. Akiwa na kijana kando yake, hata hofu ya kuanguka hupungua.

Tatu, kama kwenu hakuna mzee, muulize mhudumu wa afya wa kijiji. Huenda yupo jirani anayeishi peke yake. Nenda na kijana mara ya kwanza, mfahamiane.

Lakini kuna tahadhari. Usimgeuze msichana kuwa mwuguzi wa nyumbani hadi akose shule. Usimwachie nyanya mzigo wa kulea wote huku naye ni mgonjwa. Nambari ya siri ya simu ya mzee ibaki yake. Na si kila mtu mzima ni salama. Kijana akikataa kwenda kwa mtu fulani, usimlazimishe, msikilize. Akiwa amedhulumiwa, piga simu 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto.

Mwambie mzee pia kwamba siri nyingine hazifichwi. Kijana akisema anataka kufa, au akijiumiza, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Naye mzee akipinda mdomo ghafla, akikosa nguvu upande mmoja wa mwili au akishindwa kuongea vizuri, kijana apige kelele, atafute msaada. Hicho kinaweza kuwa kiharusi, na kila dakika ina maana.

Mama, jioni ya leo jaribu jambo moja tu. Weka viti viwili karibu na jiko, kimoja cha mzee, kimoja cha kijana, na sinia moja ya maharagwe ya kuchagua katikati. Kisha wewe ondoka kidogo.