Kugandisha Mlango wa Kizazi: Tiba ya Dakika Chache, Uangalizi wa Mwaka Mzima

Mazungumzo kwa wakazi wa Homa Bay na Migori



Saratani ya mlango wa kizazi haianzi ghafla. Virusi vya HPV hupatikana kwa kujamiiana, na kwa wanawake wengi mwili huvishinda wenyewe. Visipotoka, seli za mlango wa kizazi hubadilika pole pole kwa miaka, na mama hasikii maumivu yoyote. Huo ndio wakati wa kutibu.

Tiba moja isiyohitaji kulazwa ni ya kugandisha. Mhudumu huweka kwenye mlango wa kizazi kipande cha chuma kilichopozwa kwa gesi. Hugandisha dakika 3, huacha barafu iyeyuke dakika 5, kisha hugandisha tena dakika 3. Muda huo haupunguzwi kwa sababu ya foleni, na gesi haifai kuwa kidogo mtungini. Baridi isipofika ndani, seli mbaya hubaki hai.

Si kila mama anayefaa tiba hii. Haifanywi kwa mjamzito, wala panaposhukiwa saratani yenyewe, wala sehemu iliyobadilika ikiwa kubwa kuliko chuma au ikiingia ndani ya njia ya kizazi. Mama huyo hupewa rufaa. Rufaa ni kwa usalama wake, hajanyimwa tiba.

Kaunti hizi mbili ni miongoni mwa zenye maambukizi mengi ya HIV nchini, na mama anayeishi na HIV yumo hatarini zaidi. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuata wanawake 400 wenye HIV kwa miaka 2. Seli mbaya zilirudi kwa asilimia 30 ya waliogandishwa, na asilimia 19 ya walioondolewa sehemu hiyo kwa waya mwembamba wa umeme. Waya ulifanya vizuri zaidi, lakini unahitaji mtaalamu, umeme na sindano ya ganzi, na mama anaweza kutoka damu zaidi.

Umbali nao una uzito. Katika utafiti uliofanywa Migori kuanzia mwaka 2016, wanawake walijichukulia sampuli za HPV wenyewe. Wengi walijitokeza kupimwa, lakini chini ya nusu ya waliokutwa na virusi walifika kutibiwa. Kwa hiyo mama akiambiwa anafaa kugandishwa karibu na kwake, asikatae akingoja tiba ya mbali. Akiwa na HIV, aulize pia kama tiba ya waya inapatikana.

Baada ya kugandishwa, majimaji hutoka kwa wiki kadhaa. Mama asijamiiane kwa wiki 4, maana kidonda kibichi hurahisisha kuambukizwa au kuambukiza HIV. Hapa baba anatakiwa kuvumilia. Ikishindikana, kondomu itumike. Homa, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya au damu nyingi ni dalili za kurudi kituoni siku hiyo hiyo.

Baada ya miezi 12, mama arudi kupimwa tena hata akijisikia mzima. Asiporudi, hakuna atakayejua kama seli zile zimerudi. Nao wasichana wa miaka 10 wapelekwe kuchanjwa. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini mwaka 2019.