Kidingapopo: Nyumba Moja, Mbu Wale Wale



Kidingapopo, yaani homa ya dengue, kiliposhika Dar es Salaam, 2014 na tena 2019, swali nililoulizwa hata ndani ya daladala lilikuwa hili: nyumba moja, mbu wale wale, iweje mmoja aumwe viungo siku tano kisha ainuke, na mwenzake alazwe akiwa hajiwezi? Kulijibu, itabidi niwapeleke Kuba. Huko si ugenini kabisa. James Christie, daktari aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa 1870, aliamini kwamba neno dengue ni jina letu hili la Kiswahili lililovuka bahari hadi visiwa vya Karibi.

Mwaka 1977 kirusi cha dengue cha aina ya kwanza kiliingia Kuba na kuambukiza karibu nusu ya wakazi wa mijini. Wengi hawakuumwa sana. Miaka minne baadaye ikaja aina ya pili: wagonjwa 344,203, vifo 158, na kati ya hao 101 ni watoto. Waliozidiwa walikuwa hasa wale walioambukizwa mara ya kwanza mwaka 1977. Kingamwili zilizobaki mwilini huishika aina ya pili bila kuiua, kisha huisindikiza hadi ndani ya seli. Askari wa getini anamfungulia mwizi. Mishipa midogo inavuja, presha inashuka, mgonjwa anaingia kwenye mshtuko.

Hata hivyo, wengi walioambukizwa mara mbili hawakufika huko. Watafiti wa Kuba, akiwamo María Guadalupe Guzmán, waliona kwamba Wakuba weusi walipata ugonjwa mkali kwa nadra kuliko weupe. Utafiti uliochapishwa 2017 ulifuatilia vipande vya vinasaba vyenye asili ya Afrika na kuzitaja jeni mbili, OSBPL10 na RXRA, zinazohusika na mafuta ya mwilini na kinga. Nasisitiza: vipande, wala si rangi. Wakuba wengi ni machotara, na mweupe wa sura anaweza kubeba kipande ambacho jirani yake mweusi hana.

Vietnam walikuja na jibu jingine. Mwaka 2011 watafiti walilinganisha vinasaba vya watoto 2,008 waliopata mshtuko wa dengue na vya watu wengine 2,018. Zilijitokeza jeni MICB, inayoziita seli za kinga kuua seli zilizoambukizwa, na PLCE1. Hii ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu ikiharibika kabisa husababisha figo za mtoto kuvujisha protini. Kuvuja kule, kuvuja huku.

Naona wengine mmeanza kutabasamu: kumbe sisi Waafrika tumekingwa! Taratibu. Milipuko yetu imeua watu. Nao mchango wa jeni moja ni mdogo. Tofauti ya MICB iliongeza uwezekano wa mshtuko kwa takribani theluthi moja tu. Kwa kiasi hicho, hakuna daktari anayeweza kupima vinasaba na kumwambia mgonjwa aende nyumbani. Anachoangalia wodini bado ni tumbo linalouma, kutapika mfululizo na fizi zinazotoa damu, hasa homa inaposhuka na ndugu wanapoanza kufungasha mizigo.