Barabara Moja, Mataifa Mengi: Kazi ya Wakala wa Ukanda na Wajibu Wetu Mpakani

Hotuba iliyotolewa mjini Bujumbura mbele ya wawakilishi wa jamii za mipakani



Tumekutana ili tuzungumze juu ya jambo linaloingia katika kila nyumba kwa njia ya bei ya chumvi, saruji na mafuta. Burundi haina bahari. Kontena linaloshushwa katika bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara kabla ya kufika mjini hapa; na lile la Mombasa huwa na safari ndefu zaidi. Kila serikali hujenga na kulinda kipande chake cha barabara. Lakini lori huhitaji njia nzima, na kipande kimoja kikikwama, safari yote imekwama. Basi ni nani anayeitazama njia nzima?

Kazi hiyo imekabidhiwa vyombo viwili. Cha kwanza ni mamlaka ya Ukanda wa Kaskazini, yenye makao makuu Mombasa. Mkataba wake wa mwanzo ulitiwa saini hapa hapa Bujumbura, mwezi wa Februari 1985. Cha pili ni wakala wa Ukanda wa Kati, unaojulikana kwa kifupi CCTTFA, wenye makao makuu Dar es Salaam. Huo uliundwa kwa mkataba wa Septemba 2006 baina ya Burundi, Rwanda, Uganda, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Wakala wa namna hii hauna matingatinga, hauna askari, wala hauwezi kuiamuru serikali yoyote. Nguvu yake ni kuhesabu na kukutanisha. Huhesabu siku ambazo mzigo hukaa bandarini, saa ambazo lori husubiri mpakani, idadi ya mizani na ya vizuizi vya njiani, pamoja na gharama ya safari. Kisha huwakutanisha mawaziri, watu wa forodha, wenye malori na wafanyabiashara, ili waamue kwa pamoja palipo na kikwazo na namna ya kukiondoa.

Matunda ya fikra hii mnayaona. Pale Kobero, upande wetu, na Kabanga, upande wa Tanzania, kuna kituo cha huduma za pamoja: msafiri hukamilisha taratibu za nchi mbili mahali pamoja, badala ya kusimamishwa mara mbili. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki uzito wa juu wa lori lenye mzigo umewekwa kuwa tani 56, ili lori lililokubaliwa katika mizani ya nchi moja lisikataliwe katika nchi ya jirani. Aidha, kanda zote mbili zimehimiza ujenzi wa vituo vya mapumziko kandokando ya njia, kwa kuwa dereva aliyechoka ni hatari kwake mwenyewe na kwa watoto wanaovuka barabara kwenda shule.

Tazameni pia Gatumba. Katika miaka ya karibuni, maji ya Ziwa Tanganyika na ya mto Rusizi yamefurika mara kwa mara na kuifunika barabara iendayo Uvira. Barabara hiyo iko katika ardhi ya Burundi, lakini inapozama, soko la Uvira nalo huumia. Hapo ndipo hoja ya kupanga kwa pamoja inapoonekana wazi: maji hayatambui mpaka, na hasara nayo haiutambui.

Sasa tuseme juu yetu sisi polisi. Katika hesabu za kanda hizo, vituo vya polisi barabarani navyo huhesabiwa, na ni haki vihesabiwe. Kizuizi chenye sababu, kama vile kutafuta gari lililoibwa, silaha, au watu wanaosafirishwa kwa hila, kinaweza kuieleza sababu yake mbele ya yeyote. Kizuizi kisichoweza kujieleza ni mzigo juu ya mzigo, na anayeulipa mwishowe ni mama anayenunua kilo moja ya sukari sokoni. Usalama na wepesi wa safari si maadui. Barabara ambayo malori hayalali ovyo gizani huwanyima wezi nafasi.

Lakini wakala ulioko Dar es Salaam au Mombasa hauwezi kuona kila kona. Anayeona ni ninyi. Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, mtu akicheleweshwa au akidaiwa malipo asiyoyaelewa, aandike mahali, siku, saa na sababu aliyopewa, kisha alifikishe jambo hilo mbele ya kamati ya usalama ya mahali pake. Lalamiko lenye saa na mahali hufuatilika. Lalamiko la jumla hupeperuka.

Pili, malipo halali yana risiti. Idaini, nanyi muitunze.

Tatu, muiachie barabara nafasi yake. Meza ya biashara iliyosogezwa hadi kwenye lami huhatarisha uhai wa mwenye meza kabla ya kumchelewesha dereva.

Mikataba husainiwa na wakubwa, lakini hutimizwa au huvunjwa pale mpakani, baina ya askari, dereva na mwananchi. Nasi tulio mpakani tuitimize.