Picha Nzuri Isiwe Ramani ya Jangili



Simu uliyo nayo mfukoni inatosha kutunza kumbukumbu za kaunti yetu. Kabla ya kupiga picha, futa vumbi kwenye lenzi kwa kitambaa laini. Piga asubuhi au jioni. Jua la adhuhuri la hapa kwetu hupausha rangi na kutia uso kivuli. Ukitaka kurekebisha, hifadhi picha halisi, kisha ufanye kazi kwenye nakala: kata kingo zisizohitajika, nyoosha iliyoinama, ongeza mwangaza kidogo. Usiongeze kisichokuwepo wala kufuta kilichokuwepo. Picha ya shamba lililofurika kando ya Mto Tana ni ushahidi. Ukiigeuza, hakuna atakayeiamini.

Sasa lililo zito. Mwaka 2017, picha za twiga weupe wa Ishaqbini, upande wa Ijara, zilienea duniani. Machi 2020 ikatangazwa kuwa jike na mtoto wake wameuawa na majangili. Sisemi picha ndizo zilizowaua. Lakini simu nyingi huweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Basi ukimpiga picha hirola, ambaye inakadiriwa wamebaki chini ya 500 porini, zima kwanza alama ya mahali kwenye mipangilio ya kamera. Na ukiituma, usitaje kisima wala malisho.

Binadamu naye aombwe ruhusa. Mama akikataa, teremsha simu.